Likizo ya Vidole

Siku niliyosajiliwa kwenye bima ya afya, vidole vyangu vilikuwa katika hali nzuri kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu. Nilikuwa nimekaa Mwanza zaidi ya mwezi bila kazi, nikisubiri kibali cha kuja kufanya kazi Kisumu, na katika muda huo kazi ngumu kuliko zote niliyofanya ilikuwa kumenya ndizi. Binti wa bima alikuja kwenye kiwanda cha samaki kilichoniajiri, na kompyuta yake na kimashine kidogo chenye taa. Nikabonyeza vidole vyote kumi, kimoja kimoja, na kila mara taa ikawaka kijani.

"Vidole yako ni safi sana, madam," aliniambia. "Sasa hata usahau kadi nyumbani, hakuna shida. Kidole ndio wewe."

Akaniandikia mtegemezi mmoja, binti yangu wa miaka sita. Baba yake alibaki Mwanza na maisha yake mapya, hivyo kwenye karatasi na nje ya karatasi tulikuwa wawili tu. Jioni hiyo nilimpigia simu dada yangu kujisifu kwamba huku ughaibuni mtu anatibiwa kwa kugusa.

Hilo neno ughaibuni nalitumia kwa kujikaza. Ziwa ni lilelile, na samaki ni yuleyule. Kwetu anaitwa sangara, huku wanamwita mbuta. Mifupa inayobaki tukishamtoa minofu kwetu ni mapanki, huku ni mgongo wazi, na inakaangwa mtaa wa Obunga, hatua chache kutoka kwenye geti letu. Lakini pasipoti yangu ilikuwa na mhuri unaonitambulisha kuwa mtaalamu wa kigeni, na mimi nikaamua kuuamini. Nilikuwa na cheti cha ubora kutoka Mwanza, koti jeupe lenye mfuko, na kalamu mbili kwenye huo mfuko.

Kazi yangu ilikuwa kuwasimamia wakataji na kukagua minofu kabla haijafungwa. Mkaguzi hakagui kwa macho. Anapitisha ncha za vidole juu ya nyama kutafuta mfupa uliosahauliwa, na mfupa mwembamba hausikiki ukivaa glavu. Kwa hiyo kutwa nzima mkono wangu wa kulia ulikuwa mtupu juu ya nyama baridi, nikimaliza trei nauosha kwa maji ya klorini, kisha narudi kwenye barafu. Mkono wa kushoto ulishika trei na kupata shida zilezile. Hata kiwanda chenyewe kilikuwa kimeacha kutumia mashine ya vidole pale mlangoni, tukawa tunatia sahihi kwenye daftari. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilichojiuliza ni kuhusu meza ya lebo. Ilikuwa meza moja kavu kabisa, mwisho wa ukumbi, ambapo mtu anabandika lebo kwenye maboksi. Kazi ya kitoto. Lakini kila baada ya wiki mbili nilimkosa mmoja wa wakataji wangu hodari kwenye visu, na nikimtafuta namkuta amekaa hapo, mikono inang'aa kwa mafuta ya mgando, anabandika lebo taratibu kama anayepanga maua mezani. Wiki mbili zikiisha anarudi kwenye kisu na mwingine anakaa. Nilipouliza, wakacheka.

"Ni mambo yetu tu, madam."

Mtu mwenye kalamu mbili mfukoni haambiwi hivyo. Nikaona ni uvivu wa kupeana zamu. Nikachapa ratiba, nikawaweka mama wawili wazee kwenye lebo moja kwa moja, na wakataji wote wakae kwenye visu kila siku ya Mungu. Nikaibandika ukutani kwa gundi nyingi. Walikusanyika wakaisoma kimya, kisha mama mmoja wa Obunga, mwenye kisu chepesi kuliko wote na uvimbe kama yai chini ya taya, akanigeukia.

"Sawa madam," alisema. "Karibu Kisumu."

Mimi, kwa akili zangu timamu, nilimjibu asante.

Nilikuwa nimempangia binti yangu shule ya Mamboleo, karibu na nyumba yetu. Muhula wa kwanza mwalimu wake alinieleza kwamba mtoto hajibu akiitwa. Nilikuwa na jibu tayari. Watoto wenzake wanacheza kwa Kijaluo, mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, na Kiswahili cha hapa kinaenda kwa mwendo wake. Mtoto ni mgeni, anasikiliza kwanza. Nilimpa yule mwalimu hotuba fupi juu ya watoto na lugha, naye akaipokea kwa adabu. Muhula wa pili akapata mwalimu mwingine, mama mtu mzima ambaye hakuwa na muda wa hotuba. Siku moja alisimama nyuma ya darasa na kudondosha mfuniko wa sufuria sakafuni. Watoto wote waliruka. Wangu aliendelea kupaka rangi nyumba yake.

"Mama, hiyo si lugha," aliniambia mlangoni, mbele ya wazazi wengine. "Huyu mtoto hasikii. Peleka yeye kwa daktari wa masikio, na usingoje."

Nilimtazama mwanangu akifunga mkoba. Nikamwita kwa jina, kwa sauti ya kawaida, akiwa amenipa mgongo. Nikamwita tena. Sitaki kueleza zaidi nilivyojisikia pale.

Kesho yake tulikuwa hospitali, ya binafsi, yenye viti vya kubonyea na dirisha maalumu la bima. Kwa malezi yangu nilianza na samahani, nikafuata na habari za kazi, nikaomba kama ingewezekana kuhudumiwa. Dada wa dirishani alingoja nimalize.

"Weka kidole."

Taa ikawa nyekundu. Nikafuta kidole kwenye sketi, nikaweka tena. Nyekundu. Tukafanya vyote kumi, kisha tukarudia vyote kumi.

"Mama, mashine inasema wewe si wewe."

"Lakini picha yangu hiyo hapo kwenye kadi, dada."

"Picha watu hufanana." Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. "Ni wewe, naona ni wewe. Lakini mimi si mashine."

Nikamlipia mwanangu kwa mfuko wangu, tukamwona daktari. Yalikuwa masikio yote mawili, yamejaa majimaji mazito nyuma ya ngoma, na hayakujaa jana wala juzi. Majimaji yanaweza kutolewa, akasema, na masikio kuwekwa vijimirija vidogo, na mtoto atasikia. Lakini yakiendelea kukaa, ngoma yenyewe itaharibika, na hapo hatakuwa na ahadi ya kunipa. Alikuwa na nafasi siku ya upasuaji wiki tatu mbele. Baada ya hapo angesafiri, na hakujua kwa uhakika angerudi lini. Gharama yake isingetoka kwenye mshahara wangu hata ningeacha kula.

"Bima italipa yote," alinituliza. "Wewe weka kidole tu."

Nikapiga simu makao makuu ya bima. Kwanza nilipigiwa muziki. Kisha sauti nyororo ikaniambia kwamba mimi ni wa muhimu sana kwao, ikanirudisha kwenye muziki ili nikae na furaha hiyo. Mwishowe nikampata mwanamume mpole aliyenisikiliza hadi mwisho na kunipa pole mara tatu.

"Hiyo kitu iko na suluhisho, madam. Kuna fomu ya watu ambao alama zao hazisomeki. Natuma sasa hivi."

Na kweli alituma. Niliichapisha ofisini kwa mtunza stoo. Ilitaka jina, namba ya uanachama, sababu ya ombi, na chini kabisa kulikuwa na kisanduku: mwombaji athibitishe ombi hili kwa alama ya kidole gumba cha kulia, italinganishwa na alama iliyo kwenye kumbukumbu zetu. Niliisoma mara tatu. Nikacheka mpaka mtunza stoo akasimama kuniangalia, halafu katikati ya kucheka nikajikuta nalia, na sikuweza kujizuia.

Nilipiga tena. Mwanamume mpole akakubali kwamba fomu ina kasoro kidogo, ila kuna njia nyingine, niandikiwe barua na chifu wa mahali nilipozaliwa. Nikamweleza kwamba nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, na kwetu hatuna chifu, tuna mwenyekiti wa mtaa.

"Basi huyo mwenyekiti aandike," alisema, "lakini apitishe kwa chifu."

Siku ile nilirudi kwenye trei zangu nikiwa sioni vizuri. Mama wa Obunga alikuwa ananoa kisu upande wa pili. Aliniona nikitazama ncha za vidole vyangu kwenye mwanga, navigeuza huku na huku, na nadhani kwa wanawake wa pale hiyo ilikuwa picha wanayoijua. Akaja akanishika mkono bila kuuliza, akapitisha kidole chake juu ya changu. Vyote viwili vilikuwa laini kama ganda la yai.

"Imeisha," alisema. "Nani mgonjwa?"

"Mtoto wangu. Masikio."

"Wololo," alisikitika kwa Kijaluo, akaniachia mkono. "Na wewe ulikuwa unadhani sisi tunakaa kwa lebo kupumzika?"

Ndipo nikaelezwa mambo yao. Ukikaa wiki mbili bila maji, bila barafu, bila klorini, ukipaka mafuta asubuhi na jioni na kulala na soksi mikononi, mistari ya vidole inarudi. Haikai sana, lakini inatosha kumpeleka mtoto hospitali, kupigwa picha ya tumbo, hata kuzaa. Meza ya lebo ndiyo ilikuwa wodi yao ya kusubiri. Walikuwa na foleni waliyoishika kichwani miaka yote, watoto mbele, watu wazima nyuma, na hakuna aliyewahi kuiruka. Waliiita likizo ya vidole.

"Hapa mtu hagonjeki hivi hivi," alinieleza. "Unagonjeka na zamu yako."

"Na tangu niweke ile ratiba mmefanyaje?"

"Tumengoja."

Aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni siku nilipoibandika ni yeye mwenyewe, na ule uvimbe. Daktari alikuwa ametaka kuukata kipande aupime. Kwa aibu nilitaka kuondoka pale. Badala yake nilienda ukutani kubandua ratiba. Nilikuwa nimetumia gundi nyingi, ikatoka vipande vipande, na wakataji wote wakaacha visu kunitazama nikiikwangua kwa kucha.

Sikuomba kuwekwa mbele. Nilitaka kuomba, nilishindwa. Wakati wa chai walikaa kikao chao kwa Kijaluo na mimi nikiwa kwenye benchi hilohilo, nikiona tu vidole vikinielekea mara kwa mara. Kilichukua muda wa kikombe kimoja. Kisha mama wa Obunga akanisomea hukumu.

"Mtoto anatangulia. Wewe unakaa kwa lebo kuanzia leo. Hiyo kazi yako ya kutafuta mifupa nitafanya mimi."

"Lakini itakumaliza vidole kabisa. Na zamu ni yako."

"Vidole yangu imeisha tayari, madam, kwani itaisha mara ngapi? Hii kitu ya shingo imekaa mwaka, itakaa mwezi. Nenda ukae kabla sijabadilisha akili."

Wiki mbili nilibandika lebo. Nilivua koti jeupe maana lilinifanya nionekane kichekesho zaidi. Walinitania bila huruma, kila anayepita anauliza madam anafuga nini, kucha au ndevu. Asubuhi na mchana walinishika mkono wakaunyanyua kwenye dirisha kuukagua, wakibishana kama wakulima walioona mche. "Inakuja, inakuja." "Ya gumba bado, ongeza mafuta." Niliambiwa nisishike nyanya, ndimu, sabuni wala pesa chafu. Jirani yangu alinifulia. Binti yangu, aliyedhani soksi mikononi ni mchezo, naye alivaa zake, tukala ugali kwa vijiko tukiwa tumezishusha nusu.

Siku yenyewe nilienda hospitali na glavu za pamba, mikono kwapani. Kwenye ngazi tukakutana na mwalimu mkuu wa shule ya mwanangu, akaninyooshea mkono kwa furaha. Kisumu mtu akikupa mkono unaupokea, hata kama mna ugomvi. Nikamwinamia mwenzangu kama Mjapani na kupita. Mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Dirishani sikusema samahani wala habari za kazi. Nilivua glavu.

Gumba, nyekundu. Shahada, nyekundu. Dada akaanza kuandika kitu kingine. Tukaendelea hadi mkono wa kulia ukaisha, tukaingia wa kushoto, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitawaambia nini wale wanawake. Kidole cha mwisho kabisa, kile kidogo ambacho hakijawahi kunisaidia kitu maishani, kikawasha kijani.

"Kumbe ni wewe!" alisema dada kwa furaha ya kweli. Ilikuwa mara ya tano tunaonana, ukihesabu zile nilizorudi kujaribu kabla ya likizo yangu.

Nilidhani tumemaliza. Lakini ombi la upasuaji lilipaswa kupita kwa daktari wa bima, na daktari wa bima alitaka kuzungumza na mzazi. Alinipigia nikiwa bado kwenye korido, binti yangu ameegemea mguu wangu. Alikuwa mwanamke, mwenye sauti ya mtu aliyeshiba usingizi. Akanijulisha kwamba simu inarekodiwa. Bima yangu, alisema, hailipii ugonjwa ambao mwanachama alikuja nao. Kwa hiyo alihitaji kujua jambo moja tu, tatizo hili lilianza lini.

"Sijui," nilisema.

"Kule Tanzania uliona dalili yoyote?"

"Hapana."

"Na hapa Kisumu, uligundua lini?"

"Sikugundua. Mwalimu ndiye aligundua."

"Wewe unaishi naye?"

"Naishi naye. Tunaishi wawili."

"Na hukugundua kabisa? Miezi yote hiyo?"

Nilimtazama mwanangu utosini, nilipokuwa nimemsuka mwenyewe Jumapili, kichwa chake kikiwa katikati ya magoti yangu, nikimhadithia mambo ambayo sasa nilijua hakuyapata. "Sikugundua kabisa," nilisema. "Miezi yote."

Nikasikia anapiga vitufe vya kompyuta.

"Hiyo ni nzuri sana," alisema. "Hiyo inatusaidia sana. Nitaandika mzazi hakuwa na ufahamu." Akanitakia siku njema. Kibali kilikuwa dirishani kabla sijafika mwisho wa korido, na dada akakigonga mhuri huku akitabasamu, nami nikamshukuru.

Jumatatu iliyofuata mama wa Obunga alikaa kwenye lebo, na mimi nikarudi kwenye barafu. Ijumaa ya wiki hiyohiyo binti yangu akaingia upasuaji asubuhi. Haikuchukua hata nusu saa. Daktari alitoka akanionyesha kwa vidole viwili jinsi vijimirija vilivyo vidogo, akasema kila kitu kimeenda vizuri, na kwamba nimwache alale.

Aliamka mchana. Jua lilikuwa limefika kitandani, na yeye akageuza uso kwenye mto na kufumbua macho. Nilimwinamia nikamwita jina lake na kumuuliza kama anataka maji.

Alishtuka mwili mzima. Akavuta shuka akaziba masikio yote mawili.

"Mama," alisema, "nimefanya nini?"

Sikumwelewa. Nikamuuliza tena, anataka maji, na akajikunja zaidi kwenye mto.

"Mbona unanigombeza?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha kula ananitazama. Ndipo nami nikaisikia sauti yangu, bado imo mle chumbani, kubwa, ya kumpigia mtu aliye ng'ambo ya barabara. Sijui nilianza lini kuzungumza naye hivyo. Hakuna aliyeniuliza hilo kwenye simu, na wangeniuliza ningesema sikugundua.

Nilikaa kitandani. Nikasubiri mpaka alipotoa jicho moja kwenye shuka, kisha nikamwambia polepole, kwa sauti ya chini kabisa niliyokuwa nayo, kwamba hajafanya kitu. Alisikia. Akaomba maji.